Nyasi za Mgeni Kwenye Kiwanja cha Nyakashozi

Editha, aliyepokea funguo za kiwanja kutoka kwangu, aliniomba nimwandikie mambo mawili matatu ya kazi kabla sijasahau. Nilimjibu kwamba kusahau bado, ila magoti yangu yalistaafu mapema kuliko mimi. Basi haya ndiyo mambo yenyewe, yake na ya vijana wengine mnaopelekwa kwenye viwanja vidogo vya ndege huku mikoani, ambako hakuna mnara, hakuna lami, na choo ni kile mtakachochimba wenyewe. Habari za vyeo nitaziruka. Nilipanda mara mbili, na mara zote mbili barua ilichelewa mpaka nikawa nimeshachoka na kazi ya cheo kipya.

Kiwanja cha Nyakashozi kipo juu ya mgongo wa kilima huku Kyerwa, upande mmoja migomba ya watu, upande wa pili malisho. Mimi ni mtu wa Karagwe. Siku ya kwanza nilifika kwa pikipiki, nimevaa viatu vyeusi vinavyong'aa, nikitegemea kuona ndege. Nilikuta mbuzi wanne na Mzee Deo.

Mzee Deo ndiye aliyekuwa msimamizi wa kiwanja. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ndogo, na hakupenda kurudia neno. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniangalia viatu, kisha akaniambia nitembee kutoka mwanzo wa njia ya kurukia hadi mwisho, nirudi, nimwambie nimeona nini. Hatua elfu moja na zaidi kidogo kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Nikamwambia, "Nimeona nyasi, mzee."

"Rudi tena," akasema.

Safari ya pili niliona kinyesi cha ng'ombe. Akanirudisha. Safari ya tatu viatu vilikuwa vimenichuna visigino, nikavivua, na nilipokuwa nikitembea pekupeku mguu wangu ukazama kidogo kwenye shimo la fuko lililofunikwa na nyasi. Niliporudi nikamweleza. Mzee Deo akacheka kwa mara ya kwanza. "Hapo ndipo gurudumu la mbele lingevunjikia," akasema. "Sasa umeajiriwa. Chukua jembe ukafukie."

Tangu siku ile nilitembea kiwanja kila asubuhi, na tena kabla ya kila ndege. Hii ndiyo kazi, vijana wangu. Mengine yote ni mapambo. Mzee Deo alikuwa na sheria moja aliyoisema hata kwenye chai: jicho la rubani liko juu, kisigino chako kiko chini, na kinachomuua rubani kiko chini.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Mawe yaliyopakwa chokaa kuonyesha mipaka, mafyekeo mawili, filimbi, redio ya mkononi, kitabu cha kiwanja, vitambaa viwili virefu vyeupe vya kutandika alama ya msalaba ndege inapokatazwa kutua, na soksi ya upepo juu ya mlingoti. Soksi ile ilinitesa. Mwaka wangu wa pili ilipotea, nikaitafuta wiki nzima, nikaandika barua tatu kuomba nyingine. Hatimaye niliiona kwa mama mmoja mpika rubisi, inachuja pombe ya ndizi taratibu bila taka hata moja. Alinieleza bila aibu kwamba aliikuta imeanguka kwenye shamba lake, na kwamba kitambaa kizuri kama kile hakiwezi kuwa cha kuonyesha upepo tu, upepo wenyewe kila mtu anausikia. Niliichukua ikiwa bado imelowa. Marubani wa msimu ule hawakujua kwa nini kiwanja chetu kinanukia vizuri.

Sasa nifike kwenye nyasi, maana bila nyasi hakuna hadithi.

Kiwanja cha majani hukua. Mvua za masika zikinyesha, ukilala siku nne unaamka umekuwa mfugaji. Mafyekeo mawili hayatoshi. Tuliwahi kuletewa mashine ya kukata majani, ikafanya kazi vizuri sana kwa mwezi mmoja, ikakatika kipande fulani cha chuma, na tukaambiwa kipuri kinakuja. Nimestaafu, kipuri bado kiko njiani. Mzee Deo hakungoja. Aliwaendea akina mama wa kijiji na kuwaambia: kateni nyasi za kiwanja, ziwe zenu. Kila mtu huku anajua migomba bila matandazo haizai kitu cha maana, na nyasi za kutandaza kibanja zilikuwa zimeanza kugombaniwa. Wakaja. Wakati wa shughuli, akina mama arobaini na miundu yao walijipanga bega kwa bega kwa upana wa njia, wakakata wakisonga mbele pamoja, wakiimba. Nyuma yao kiwanja kilibaki kama kichwa kilichonyolewa.

Kiongozi wao alikuwa Mama Leokadia, mjane mwenye kibanja kilichopakana na mawe yangu ya chokaa. Aliongoza kwa mkono mmoja na kutania kwa ulimi mzima. Mzee Deo alipostaafu na mimi nikabaki peke yangu, Mama Leokadia aliniita baba kwa lugha ya huku, akaniambia, "Usihofu, tata. Nyasi hazijui kama bosi amebadilika."

Ikapita miaka. Ndege zilikuja moja moja: ya chanjo, ya mgonjwa, ya wanunuzi wa kahawa, mara nyingine ya watalii waliopotea njia ya kwenda walikokuwa wanakwenda. Kisha serikali ikatangaza kwamba inataka usafiri wa anga ufike mpaka huku pembezoni, na kwamba viwanja vidogo vitakaguliwa. Vitakavyofaa vitawekewa changarawe, uzio na jengo la abiria, na mashirika ya ndege ndogo yatahimizwa kuleta safari za ratiba. Visivyofaa vitaondolewa kwenye orodha. Barua tuliyoletewa haikusema nini kinafuata baada ya kuondolewa, lakini mwenyekiti wa kijiji, Bwana Projesti, alijua: ardhi itarudi kuwa malisho, na mgonjwa wa kukimbizwa hospitali kubwa atalazwa tena nyuma ya gari kwa barabara ya saa nyingi. Mimi nilijua jambo jingine, nalo nitalisema wazi. Niliogopa kwamba maisha yangu yote ya kutembea juu ya kilima kile yangefutwa kwa kalamu ya mtu aliyekaa mezani.

Tulipewa siku. Mkaguzi angekuja kwa ndege, atue mwenyewe, apime.

Nilijiandaa kama anayeolewa. Nilipaka chokaa upya. Nilifukia vichuguu. Niliazima pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa Isingiro, tukaiendesha kwa kasi kutoka mwanzo hadi mwisho huku nimeshika kikombe cha maji, nijue pa kusawazisha ni wapi kwa kuangalia maji yanapomwagika. Dereva aliniuliza kama nimelogwa. Kisha nikaitisha mkutano wa kijiji, nikasimama, nikasema maneno ambayo nimeyajutia kuliko yote niliyowahi kusema hadharani. Nilisema, "Siku hiyo tunapokea wageni wakubwa. Naomba kila mmoja akiangalie kiwanja hiki kama sebule yake."

Watu wakapiga makofi. Mama Leokadia akaitikia kwa niaba ya akina mama, kwa neno la heshima la huku: "Waitu, tumekusikia."

Na kweli walikuwa wamenisikia. Kosa halikuwa lao.

Siku yenyewe nilitembea kiwanja alfajiri, nikakikuta safi. Nikaandika kitabuni, nikaenda nyumbani kuoga na kuvaa sare. Niliporudi, nilisimama pale penye mlingoti. Mwanzo wote wa njia ya kurukia, hatua mia mbili kwa upana wa njia nzima, ulikuwa umetandazwa nyasi mbichi, laini, zilizochaguliwa moja moja, zimelazwa upande mmoja kama tunavyozitandaza nyumbani siku ya mgeni wa heshima. Zilinukia. Pembeni akina mama walikuwa wamesimama na vitenge vya sherehe, na Mama Leokadia ameshika kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna za kuwapa wageni wakishuka.

Nilikulia kwenye nyasi hizo. Mama yangu hakuwahi kumkaribisha mgeni wa maana kwenye sakafu tupu. Kwa hiyo nilielewa yote kwa mara moja: walichofanya, kwa nini, na nani aliwaambia. Nilielewa pia kwamba nyasi mbichi zilizolegea humtelezesha anayefunga breki, hurushwa na panga linalozunguka mbele ya ndege na kuingia pasipotakiwa, na zaidi ya hayo zinafunika. Huwezi kujua chini yake kuna nini.

Nikasikia ndege.

Redio ikaita. Rubani alikuwa mwanamke mwenye sauti tulivu. "Nyakashozi, nawaona. Naona kijani kibichi mwanzoni mwa njia. Ni nini hicho?"

"Ni nyasi, rubani. Zimetandazwa."

"Zimetandazwa na nani?"

"Na wenyeji. Wanakupokea."

"Waambie nashukuru sana," akasema. "Natua?"

"Usitue. Narudia, usitue. Zunguka."

Nilitandika vile vitambaa vyeupe kwa mikono yangu, msalaba, nikapuliza filimbi mpaka mashavu yakaniuma. Ndege ikapita juu yetu, akina mama wakaipungia, na ilipopanda tena bila kutua wakashusha mikono. Mama Leokadia alinijia akitembea haraka. "Umewafukuza wageni wangu?"

"Mama, nyasi hizi zitaiangusha ndege. Nisamehe. Mimi ndiye niliyesema vibaya. Ziondoeni, sasa hivi, zote."

Aliweka kikapu chini, akafungua kitenge kiunoni, akabaki na gauni, akakitandaza na kuanza kuzoa. Wengine wakafuata. Vitenge vya sherehe vikageuka magunia. Rubani akaniambia anaweza kuzunguka dakika ishirini, si zaidi, kwa sababu mawingu yalikuwa yanajenga upande wa magharibi na alihitaji mafuta ya kurudia Bukoba. Nikaangalia saa. Walizoa kwa dakika kumi na nne. Sijawahi kuona watu wakifanya kazi namna ile, na hakuna aliyeimba.

"Nyakashozi," redio ikasema, "sasa naona njia safi. Naruhusiwa?"

Bwana Projesti alikuwa pembeni yangu, jasho linamtoka. "Mruhusu, Gaudensi! Watu wa wizara hao! Njia si hiyo safi?"

Na kweli kwa macho ilikuwa safi. Lakini sikuwa nimeitembea. Watu arobaini walikuwa wamepita juu yake tangu alfajiri, na miundu, na mafungu ya nyasi, na mimi nilikuwa naoga. Kuitembea peke yangu kungechukua zaidi ya robo saa. Zilibaki dakika sita. Nilimfikiria Mzee Deo, nikamchukia kidogo.

"Bado," nikamwambia rubani. "Sijatembea njia."

Nikawapanga akina mama bega kwa bega kwa upana wote, kama wanavyokata. Nikawaambia wasikate, wasiimbe, waangalie tu miguuni. Mkono wa mtu ukigusa wa jirani yake, hakuna shimo litakalopita katikati. Tukaanza kwenda. Mwenyekiti naye akaingia kwenye mstari, nadhani kwa hasira. Tulikuwa hatujafika hata nusu redio ilipoita tena, sauti ileile tulivu.

"Nyakashozi, muda umeisha. Narudi Bukoba. Pole sana."

Ndege ikageuka. Tuliisikiliza mpaka ikawa mlio wa nyuki, kisha ikawa hakuna kitu. Mwenyekiti alitoka kwenye mstari, akasema, "Basi. Umetumaliza." Akaenda kukaa kwenye jiwe la chokaa na suruali yake nzuri. Machozi yalikuwa karibu, na mtu mzima mwenye sare hatakiwi kulia mbele ya kijiji.

Akina mama walikuwa wamesimama wananingoja. Sikujua nifanye nini zaidi ya kumaliza nilichoanza. Nikasema tuendelee. Wakaendelea, hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mbele kidogo, mbali na pale walipotandaza nyasi, mahali ambapo magurudumu ya ndege huwa bado yana kasi, Mama Leokadia alisimama. Mstari wote ukasimama. Akainama, akaokota kitu kilichokuwa kimelala ubapa kwenye majani mafupi, mpini wake wa rangi ya udongo. Ulikuwa mundu.

"Ni wangu," akasema. "Nilikaa hapa kufunga fungu." Kisha akakaa palepale chini, mundu mapajani. "Tata, ningewaua. Na kahawa nimewaandalia."

Nilikaa karibu yake. Tulikaa hivyo mpaka mvua ilipotufukuza.

Jioni niliandika kitabuni. Kalamu ilinishinda kidogo, kwa sababu mawingu yalikuwepo kweli, na neno "hali ya hewa" halijawahi kumfukuzisha mtu kazi. Mwishowe niliandika hivi: ndege ilikatazwa kutua, nyasi zilitandazwa njiani kumpokea mgeni, kosa la maelekezo ni la msimamizi, njia ilipotembewa, mundu mmoja ulipatikana.

Siku mbili baadaye mkaguzi alikuja kwa gari, mavumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mtu mwembamba asiye na haraka. Hakutaka chai. Alitaka kitabu. Alisoma ukurasa ule, akarudi nyuma kurasa nyingi, akasoma asubuhi zangu: shimo la fuko, limefukiwa; kichuguu, kimeondolewa; mbuzi wanne, wamefukuzwa.

"Kwa nini hukuandika mawingu?" akaniuliza.

"Kwa sababu hayakuwa mawingu."

"Na hawa wanaokata nyasi, wameruhusiwa na nani kuingia kwenye njia ya ndege?"

"Na mtangulizi wangu. Na mimi. Kwa mdomo tu."

"Hilo haliruhusiwi."

"Najua," nikasema. "Lakini mundu ule haukuonwa na mimi. Ulionwa na wao."

Akafunga kitabu. Akasema anataka kutembea njia. Nikamwita Mama Leokadia, naye akaja na watu wake, wakajipanga. Mkaguzi akawekwa katikati, kati ya Mama Leokadia na binti yake. Alipoanza kutangulia mstari, Mama Leokadia akamshika mkono wa shati. "Pole pole, baba. Ukitangulia huoni." Akarudi kwenye mstari. Walikwenda mpaka mwisho, wakarudi. Mgeni siku ya kwanza, na tayari amepewa jembe. Walipomaliza alikubali kahawa ya kutafuna, akaitafuna yote na ganda lake, jambo ambalo hatulifanyi, na hakuna aliyemwambia.

Hakutuahidi chochote. Miezi ikapita, nikalala vibaya mingi yake. Barua ilipokuja tulikuwa kwenye orodha, kwa masharti: uzio na lango, njia ya katikati iwekewe changarawe, na kikundi cha akina mama kiandikwe rasmi, kiwe na mafunzo, na kiingie kwa ruhusa iliyosainiwa. Sharti la mwisho aliliongeza kwa mkono wake: kila kifaa cha kazi kihesabiwe wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, pamoja na miundu.

Greda lilikuja likakaa wiki chache. Watu wengi hudhani msaada wa serikali ni greda. Nami nilishukuru sana, sisemi uongo. Leo kuna ndege yenye ratiba, kuna benchi la abiria, na mgonjwa anafika Bukoba kabla chai haijapoa. Lakini greda huondoka. Baada ya hapo kinabaki kisigino cha mtu mmoja kila asubuhi, na hicho serikali haiwezi kukileta kwa lori. Editha, hicho ni chako sasa.

Siku ya kumkabidhi Editha funguo, nilifika ofisini mapema kukusanya vitu vyangu. Kiofisi chetu ni chumba kimoja chenye sakafu ya saruji. Nilifungua mlango nikakuta sakafu yote imetandazwa nyasi mbichi, laini, zimelazwa upande mmoja kuelekea kiti changu. Mama Leokadia alikuwa amekaa pembeni, amezeeka, kikapu cha kahawa mapajani. Akasema, "Leo nimetandaza mahali panapofaa. Ingia, mgeni."

Nikavua viatu mlangoni. Na kwa mazoea ya miaka yote ile, kabla ya kwenda kukaa, nilianza kupapasa kwa kisigino, hatua kwa hatua, nikielekea kile kiti.

"Tembea tu, tata," akasema. "Mundu wangu nimeuhesabu. Uko nyumbani."